Nyumba ya Kuonyesha

Tarehe 4 Februari

Kaka,

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua nyumba hii. Ukuta kati ya sebule na chumba cha Baba ni mwembamba, na kilichopooza kwake ni mkono na mguu, si masikio.

Kwanza habari zake. Anakula. Maneno bado yanatoka vipande vipande, lakini akikasirika yanatoka mazima, kwa hiyo namkasirisha kidogo kila asubuhi kama mazoezi. Mtaani bado "amesafiri, yuko kwako", kama alivyotuagiza mwenyewe. Jana Redio, yule jirani yetu asiyepitwa na habari, aliniuliza kama hali ya hewa ya huko inamfaa Mwalimu Kola, kama mtaa unavyomwita Baba mpaka leo. Nikamwambia inamfaa sana. Ile barua yako ya kumsomea ilimridhisha, hasa pale ulipoandika kwamba Baba anatembea kila jioni mpaka sokoni na kurudi. Lakini usizidishe. Mwezi ujao utamfanya akimbie.

Sasa shida yangu. Halmashauri imetangaza zabuni ya kuhudumia wagonjwa wa kitandani majumbani: kuwaogesha, kuwafulia, kuwageuza wasipate vidonda. Ni kazi ileile tunayoifanya sisi kwenye kikundi bila malipo, tangu kabla Baba hajaanguka. Tangazo linasema vikundi vya kujitolea vinaruhusiwa kuomba sawa na makampuni. Mama Ndoo, mwenyekiti wetu, alilisoma, akavua miwani, akasema, "Katibu, hii wameiandika wakituangalia sisi."

Sabuni tunachangishana, na wagonjwa wanaongezeka. Wawili mwaka huu tumewakataa kwa kukosa mikono. Tukiipata kazi hii hatutamkataa mtu. Wewe umekaa ofisi ya ununuzi miaka yote hiyo. Tunaanzia wapi?

Mdogo wako,
Katibu (cheo nilipewa kwa ajili ya mwandiko)


Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Nimefurahi, na nitasema bila kuzunguka. Nimeona vikundi vizuri vikianguka mezani kwetu, na vinaanguka kwa mambo yaleyale. Vinaandika huruma. Huruma haina alama. Alama ziko kwenye jibu la swali lililoulizwa, kwa hiyo soma kwanza maswali yenye alama nyingi, na jibu hilohilo, si jibu la swali unalotamani wangeliuliza.

Cheti cha usajili kiwe hai. Katiba iwe na sahihi. Akaunti ya benki iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti. Mkiona eneo linawazidi, unganeni na kikundi kingine na mwandike wazi nani atafanya nini, hilo linaruhusiwa. Hudhurieni kikao cha maelezo hata kama mnadhani mmeelewa, na mkiwa na swali ulizeni kwa maandishi, maana jibu linawafunga na wao.

Halafu bei. Nawajua. Mtaandika sabuni na glavu, na pale pa malipo yenu wenyewe mtaacha wazi kwa aibu. Msifanye hivyo. Bei ya chini kupita kiasi inatiliwa shaka kuliko ya juu. Kamati itasema hawa hawaijui kazi wanayoiomba.

Nilitaka kuja likizo hii kukusaidia. Lakini fikiria mwenyewe: nikionekana hapo, Redio ataniuliza Baba nimemwachia nani huku. Tuache kwanza.

Kaka yako


Tarehe 26 Februari

Kaka,

Ulitabiri kama uliyekuwa dirishani. Tulipofika kwenye malipo, wote wakatazama sakafu. Fundi Cherehani akasema, "Mimi niandikwe sifuri, nisije nikaonekana naogesha watu kwa tamaa." Mama Ndoo akamjibu, "Basi hiyo sifuri kapikie watoto leo." Tukacheka, tukaandika. Lakini hakuna aliyetaka kuitamka bei yake kwa sauti. Nilizunguka nikiinamisha sikio, kila mmoja akaninong'oneza.

Usajili, katiba, akaunti, vyote viko tayari. Kilichotukwamisha ni swali la sita, lenye alama nyingi kuliko yote. Linataka tuthibitishe kazi yetu. Waliohudumiwa watoe ushahidi, na familia moja iridhie maafisa waje nyumbani kuona.

Kaka, unajua jinsi tunavyofanya kazi. Tunapita mlango wa nyuma. Nguo chafu tunazitoa kwenye vikapu vya sokoni, mboga juu, shuka chini. Hata sisi kwa sisi hatutaji jina la mgonjwa. Tunasema wa Dirisha la Bluu, wa Ngazi, wa Paka Wengi. Nusu ya kazi ni maji, nusu ni kufunika. Sasa tumeulizwa tuonyeshe kile ambacho ubora wetu wote ni kwamba hakijawahi kuonekana.

Nimezunguka kwa kila familia. Wa Ngazi walisema watafikiri, na tangu hapo hawafungui nikigonga. Mke wa mtoto wa yule wa Dirisha la Bluu alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chai, ndipo akasema, "Dada, mnamsitiri mama yangu kila siku. Leo mnataka mumfunue kwa ajili ya karatasi?" Sikuimaliza ile chai.

Kikaoni niliposema hakuna familia iliyokubali, Mama Ndoo aliniangalia. Nikajifanya natafuta kalamu.

Mdogo wako


Tarehe 5 Machi

Mdogo wangu,

Najua ulichokuwa ukitafuta, na si kalamu. Usifanye.

Mtu huyu aliwarudisha watoto nyumbani kwa kola chafu. Alinirudisha mimi, mwanawe, mbele ya darasa zima. Kama ameomba jambo moja maishani, ni kwamba mtaa usimwone alivyo. Sisi tumekubali. Nimekuwa nikimwandikia Redio uongo kwa mwandiko mzuri kila mwezi kwa sababu hiyo.

Ombeni barua kwa muuguzi wa zahanati. Elezeni mnavyofanya kazi, hatua kwa hatua, bila majina, na mwandike kwa nini hamtaji majina. Kamati yenye akili italiona hilo kuwa sifa. Mtapoteza alama kadhaa. Acheni zipotee.

Niahidi.

Kaka yako


Tarehe 14 Machi

Kaka,

Tumewasilisha. Bahasha ilifungwa na kupigwa muhuri kabla ya saa ya mwisho, na Mama Ndoo alidai apewe risiti.

Nyumba ya kuonyesha ilipatikana. Familia iliridhia. Maafisa wamekuja na wameondoka. Imekwenda vizuri.

Baba anakusalimia.

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Hongereni! Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye foleni, nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Ni ya nani hiyo nyumba yenye moyo? Usinitajie jina, niambie tu ni ya Paka au ya Ngazi.

Jambo moja. Kila nikipiga simu unasema Baba amelala. Juzi asubuhi amelala, jana mchana amelala. Hiyo siyo tabia yake. Mweleze nimeuliza.

Ndani ya bahasha kuna ile ya kumsomea Redio. Nimejitahidi:

"Majirani zetu wapendwa, Baba hajambo na anawasalimu nyote. Siku hizi amepata rafiki wa kucheza naye bao, naye hakubali kushindwa. Anasema mtaa ule muuweke safi, asije akarudi na kukuta takataka."

Nadhani hiyo ya takataka itampendeza.

Kaka yako


Tarehe 30 Machi

Kaka,

Sikuisoma barua ya bao kwa Redio. Redio hana haja nayo tena.

Hukupata ahadi yangu kwa sababu sikukupa. Ulipoandika "niahidi" nilikuwa nimeshaijaza ile fomu. Pale paliposema "mgonjwa au familia imeridhia", niliweka sahihi. Mimi ni familia. Nilijiambia hivyo: mimi ndiye ninayemgeuza, mimi ndiye familia.

Baba sikumwomba. Nilijua atakataa, na mtu akishakataa huwezi tena kusema hukujua. Asubuhi ile nilimwambia wanakuja madaktari wa kumtazama mguu. Alifurahi, Kaka. Alitaka avae shati jeupe. Nikamvalisha, nikamfunga kifungo cha juu kama anavyopenda.

Walikuja wawili kwa gari la halmashauri, maandishi ubavuni, wakaliegesha mbele kabisa ya mlango. Sikuwa nimefikiria gari. Nilifikiria kila kitu, mpaka maua nilinunua, gari sikulifikiria. Redio alikuwa anafagia nje. Alisimama na ufagio mkononi, na mlango ulipofunguliwa akamwona Baba, kitandani, moja kwa moja, maana mlango wa chumba nilikuwa nimeuacha wazi ili hewa ipite.

Afisa mkubwa alikuwa mpole. Alipiga magoti kando ya kitanda, akauliza, "Mzee, unaridhika na huduma ya kikundi hiki?"

Baba akanitazama. Akasema, neno zima, "Kikundi?"

Afisa akasema inabidi wahakikishe kama ana vidonda mgongoni, akaniuliza kama wanaweza kufunua shuka. Aliniuliza mimi. Baba alikuwa anatikisa kichwa. Nikasema ndiyo. Kaka, ni mimi niliyesema ndiyo.

Hana vidonda. Waliandika hivyo. Walituambia ni mgonjwa anayetunzwa vizuri kuliko wote waliowahi kuwaona. Nikawashukuru. Nikawasindikiza mpaka kwenye gari.

Tangu siku hiyo ameugeukia ukuta. Hataki Mama Ndoo amwogeshe, hataki mimi. Maji anakunywa, chakula kidogo, akiwekewa na kuachwa peke yake. Hajalala ukipiga simu. Yuko macho anasikiliza ninavyosema amelala.

Kwenye shajara yangu ya siku ile niliandika: "Ziara ya maafisa. Imekwenda vizuri." Nimeipitisha kalamu juu ya hayo maneno mpaka karatasi imechanika, na bado yanasomeka upande wa pili.

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Umemuuza Baba kwa alama.

Sina la kuongeza.


Tarehe 13 Aprili

Kaka,

Sawa. Hukusaini hata jina, nimeelewa.

Lakini mimi nilimfunua siku moja. Wewe umemficha kwako miaka miwili ili usije kumwona. Ulimtembeza sokoni, ukamchezesha bao, ukamtafutia rafiki. Mtu mwenye afya hivyo anahitaji mwana wa nini?

Sikuandika haya ili kosa langu lipungue. Halijapungua. Asubuhi naamka nalo. Ila usinihukumu ukiwa mbali hivyo.

Ametaka kalamu leo. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu: "Kalamu. Na ubao." Nimempa ubao wa kukatia mboga auweke magotini. Anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwakubwa kama za darasa la kwanza, na anauinamia ubao nisione.

Mdogo wako


Tarehe 21 Aprili

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Zabuni
Nakala: mwanangu, aliko

YAH: ZIARA NYUMBANI KWANGU

Ndugu,

Samahani kwa mwandiko. Mkono huu ni mwanafunzi mpya.

Mimi ni yule mgonjwa ambaye maafisa wenu walimtembelea. Fomu inasema niliridhia. Sikuridhia. Sikuombwa. Niliambiwa ni madaktari. Katika kazi yangu ya ualimu sikuacha hata mara moja alama iliyopatikana kwa kuibia. Hii nayo naomba ifutwe.

Pili. Niliulizwa kama naridhika na huduma, lakini jibu langu halikungojwa. Jibu ni hili. Kina mama hawa wananiogesha tangu nilipoanguka. Wanaingia kwa nyuma. Wakinivua nguo hugeuza nyuso na kuzungumza habari za bei ya nyanya, ili nisikie kwamba hawanitazami. Mmoja wao niliwahi kumrudisha nyumbani kwa kola chafu, akiwa mdogo. Nimemtambua kwa kovu la kidevuni. Anajua nimemtambua. Hajawahi kulitaja. Siku ya kwanza aliponiosha shingo, nililia, akasema ni sabuni imeingia machoni.

Hiyo ndiyo huduma. Sijui mtaipa alama ngapi.

Tatu. Mtaani ilisemwa nimesafiri. Niliagiza mimi hivyo, na wanangu walitii. Niliona aibu ya mwili wangu nikaifanya kazi yao ya kila siku. Nimerudi safarini.

Mkitaka kuniuliza tena, njooni saa nne asubuhi, mlango wa mbele. Nitakuwa nimekaa. Na mniulize mimi kabla ya kushika shuka.

Wenu,
Mwalimu Mkuu mstaafu

(Mwanangu, yule wa bao asiyekubali kushindwa nimempenda. Mdogo wako alinisomea. Nikitaka kumjua zaidi nitakuuliza uso kwa uso.)


Tarehe 2 Juni

Kaka,

Barua ya Baba niliipeleka mimi mwenyewe. Yeye aliagiza hivyo: "Katibu apeleke." Nje ya ofisi za halmashauri kuna pipa la taka, nami nilisimama kando yake muda ambao sitaki kuuhesabu. Ndani ya bahasha ile kulikuwa na kazi ya wenzangu wote. Mhudumu wa mapokezi aliniuliza, "Dada, unaingiza au unatoa?" Nikasema naingiza.

Zabuni yetu imeondolewa. Sababu: taarifa isiyo ya kweli. Hatukupewa nafasi ya kujitetea, na isingefaa kitu, maana ni kweli. Niliwasomea kikundi uamuzi nikiwa nimesimama, nikatoa ufunguo wa kabati nimwachie mwingine ukatibu. Mama Ndoo alikuwa akiangalia mikono yake. Akasema, "Nilikuangalia siku ile nikitaka ufanye nilichokuwa naogopa kukuomba. Kaa chini." Hakuna aliyeuchukua ufunguo. Hakuna aliyenifariji pia, na nashukuru.

Kazi imechukuliwa na kampuni. Wamekuja na gari jipya, limeandikwa HUDUMA KWA WAGONJWA WA KITANDANI ubavuni mote, na vijana wawili wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Wanapiga honi kwanza ndipo wanagonga. Wa Dirisha la Bluu hawakufungua. Wa Ngazi walijibu kwamba hapa hakuna mgonjwa. Mtaa mzima umefungwa, nasi tunaendelea kupita nyuma na vikapu vyetu, mikono ikiwa ileile michache, na wale wawili tuliowakataa bado tumewakataa. Hilo ndilo silimalizi kulifikiria.

Nyumba moja tu imelifungulia gari. Yetu.

Baba alikuwa amekaa mlangoni na shati jeupe. Vijana wakamwingiza ndani, wakamwogesha. Walipomaliza, akawapa alama: arobaini kwa mia. Akawaambia maji yalikuwa baridi, na kwamba mtu akivuliwa nguo mnazungumza habari za nyanya. Hawakuelewa. Wanarudi kila juma kujaribu tena, na anawapandisha kidogokidogo. Zabuni inayofuata ni mwakani. Swali la sita amesema nisiliguse, atalijibu mwenyewe.

Nami ananiita Katibu, si kwa jina. Sijui hilo ni heshima au ni umbali. Naosha vyombo nikilifikiria. Lakini jana nilipomfunga kifungo cha juu aliinua kidevu ili nipate nafasi, na hakuwa amefanya hivyo tangu Machi.

Baba alipoanza kukaa mlangoni, Redio alikaa siku tatu bila kuja. Hatimaye akavuka barabara, akasimama mbele ya kiti cha Baba, hajui pa kuweka macho. Akasema, "Mwalimu, karibu tena. Safari ilikuwaje?"

Baba akamtazama mpaka nikaona haya mimi.

"Ndefu," akasema. "Mwanangu alinitembeza sana."

Kwa hiyo, Kaka, ukija sasa hakuna atakayekuuliza Baba umemwachia nani. Kila mtu anamwona. Anakaa mlango wa mbele kuanzia saa nne, na kila gari likipunguza mwendo hugeuza kichwa.

Mdogo wako